Mgeni Siku Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuufundisha Upya Mkono Uliopooza kwa Kanuni ya Roboti

Binti alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mama yake, chini ya mwarobaini, nyumbani kwao Hombolo. Ameushika mkono wa kushoto uliolegea, anaupandisha na kuushusha huku anahesabu. Thelathini. Thelathini na moja. Alipofika hamsini, jasho lilikuwa linamtiririka. Nilisalimia, nikakaribishwa kigoda, kisha nikamwuliza mama kama alihisi mkono wake ukifanya kazi yoyote. Akanijibu taratibu, maana ulimi nao ulikuwa bado mzito: "Hapana, mwanangu. Mimi nimemwachia aubebe."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na katika kuzunguka nyumba za wagonjwa wa kiharusi Dodoma mjini, Bahi na Kongwa, jambo hili nimelikuta mara nyingi kuliko uvivu wowote. Familia zetu hazikosi upendo wala nguvu. Zinasaidia kupita kiasi, na mkono unaosaidiwa kupita kiasi haujifunzi. Njia niliyomwonyesha binti yule nimeitoa kwenye roboti za kufundisha mkono, mashine ambazo wagonjwa wengi wa huku hawatazigusa. Kanuni iliyo ndani yake, lakini, inafanya kazi juu ya meza ya plastiki, kwa kamba na mizani ya kuning'iniza.

Roboti hizi zinafanya nini hasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza roboti iitwayo MIT-Manus. Mgonjwa anakaa mezani, kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kimefungwa kwenye mkono wa mashine, na mbele yake kuna skrini yenye nukta moja katikati na nyingine 8 kuizunguka, kila moja ikiwa sentimita 14 kutoka katikati. Kazi yake ni kupeleka mkono kwenye nukta inayowaka na kurudi. Akishindwa, mashine inamsogeza kwa ulaini. Ndani ya saa moja mkono unaweza kwenda na kurudi mara zinazokaribia 1,000. Linganisha na hili: watafiti wa Marekani na Kanada walioketi kliniki na kuhesabu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta kipindi cha kawaida cha mazoezi ya mkono kina wastani wa marudio 32 tu.

Lakini wingi wa marudio peke yake ni mtego, kwa sababu ubongo unadoea. Ukiona chakula kinaletwa, hauingii jikoni. Niliwahi kuona mashine ya kusogeza mkono ambayo haikuwa na akili ya kujirekebisha: mgonjwa alisinzia kabisa, kidevu kifuani, na mkono ukaendelea kwenda na kurudi, alama kwenye skrini zikipanda. Niliumia sana, kwa sababu familia ilikuwa imelipia kipindi kile.

Kundi la David Reinkensmeyer, Chuo Kikuu cha California kule Irvine, lililishughulikia tatizo hilo kwa roboti inayotumia hewa, Pneu-WREX. Mwaka 2008 walionyesha kwamba roboti inayojifunza udhaifu wa mgonjwa na kuufidia huishia kuubeba mkono wote, na mgonjwa anaacha kusukuma. Dawa yao ilikuwa kuifanya roboti isahau. Kila safari inafuta sehemu ndogo ya msaada ilioutoa safari iliyopita, kisha inaongeza kidogo kulingana na kosa lililotokea. Mkono ukifanya vizuri, msaada unayeyuka. Ukishindwa, unarudi, ila hautoshi kufuta kosa lote. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Roboti nzuri inaupa mkono jembe kila baada ya sekunde chache.

Usiuze ng'ombe kuifuata mashine

Hili nalisema mapema kwa sababu nimeulizwa na watu walio tayari kuuza shamba wampeleke mzazi nje ya nchi. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 lilihusisha watu 770. Kundi moja lilitumia MIT-Manus dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Kundi la pili lilipata mazoezi ya ziada ya kiwango hichohicho kutoka kwa wataalamu, la tatu likapata huduma ya kawaida. Waliofikia lengo la kuutumia mkono walikuwa asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa mazoezi ya ziada na 42 kwa huduma ya kawaida; tofauti hizo hazikutosha kusema kundi moja limelishinda jingine. Mwendo wenyewe wa mkono uliboreka zaidi kwa waliotumia roboti kuliko kwa wale wa huduma ya kawaida, ila kuboreka huko hakukuvuka hadi kwenye kushika kikombe. Jaribio la Uswisi la mwaka 2014, lenye wagonjwa 77 na roboti iitwayo ARMin, liliipa roboti ushindi, lakini mdogo sana.

Kutokana na hayo nimechukua mambo mawili. Hakuna muujiza uliofichwa ndani ya chuma. Na mwendo usipounganishwa na kazi halisi siku ileile, unabaki mezani.

Hatua ya 1: Kabla ya kuugusa mkono

Kiharusi kinapotokea, yaani uso kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kuvurugika ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Hakuna kukanda wala kusubiri kukuche. Mwongozo huu ni wa baadaye, daktari akishasema hali imetulia. Na hata hospitalini, haraka ina mipaka: jaribio la kimataifa la mwaka 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba kumwamsha na kumtembeza mgonjwa kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri.

Pima presha kila siku kabla ya kuanza. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, ahirisha, umpigie daktari. Kichwa kikiuma sana, kizunguzungu kikija au kifua kikibana, acha. Dawa za presha haziachwi kwa sababu mkono umeanza kusogea.

Kisha angalia bega. Mgonjwa akiwa ameketi na mkono umening'inia, pitisha kidole chini ya ncha ya mfupa wa juu ya bega. Ukihisi kishimo cha upana wa kidole, bega limelegea na kushuka mahali pake. Zoezi la mezani bado linawezekana kwa sababu meza inaubeba mkono, lakini ni marufuku kuuvuta, kuuinua juu ya kichwa, au kumnyanyua mgonjwa kwa kumshika kwapani. Maumivu mengi ya bega niliyoyakuta yalisababishwa na watu wema waliokuwa wanamsaidia mzee kusimama. Mpeleke mgonjwa kitengo cha fiziotherapia angalau mara moja kabla ya kuanza, iwe hospitali ya General au Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au hospitali ya wilaya, aonyeshwe mipaka ya bega lake.

Mwisho wa hatua hii ni swali ambalo watu hulisahau: anaweza kuanzisha mwendo wowote? Weka kigasha mezani juu ya kitambaa laini, mwambie asukume mbele. Kitambaa kikisogea hata upana wa kidole kimoja, endelea na mwongozo huu. Kisiposogea kabisa, bado mapema. Fanya mazoezi ya kulinda viungo utakayopewa kliniki, na ujaribu tena kila wiki.

Hatua ya 2: Kupanga meza

Unahitaji meza nyororo, kiti chenye egemeo, khanga mbili, kitambaa laini, bandeji pana ya krepu, kamba ya mita moja na nusu, chaki, rula ya shule, daftari, na mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu, ile ya kupimia mizigo. Mizani na bandeji mimi nilinunua soko la Majengo.

Mgonjwa aketi miguu ikiwa bapa sakafuni, kiwiko kikiwa karibu usawa wa meza. Meza ikiwa juu sana atapandisha bega hadi sikioni. Ongeza mto wa kukalia. Khanga moja ipitishe kifuani na kuifunga nyuma ya egemeo, isibane pumzi. Usiidharau khanga hii. Mtu aliyepata kiharusi akitaka kufikisha mkono mbele hupeleka mwili mzima, na kwa macho unaona mkono umefika, ilhali kiwiko hakikunyooka hata kidogo.

Kunja kitambaa, kiweke chini ya kigasha, nyunyizia meza poda ya mtoto kiasi cha kijiko. Dodoma hii yenye vumbi, futa meza kwanza. Mchanga kidogo tu chini ya kitambaa unaongeza mkwaruzo kuliko udhaifu wa misuli, na hesabu zako zote zitadanganya.

Chora nukta ya kuanzia mbele ya kitovu, pale kiganja kinapofika kiwiko kikiwa kimekunjwa. Toka hapo pima sentimita 14, uchore nukta tatu: mbele moja kwa moja, mbele kulia, mbele kushoto. MIT-Manus ina 8, lakini nyumbani anza na hizi tatu. Wengi baada ya kiharusi mkono huvutwa kuelekea mwilini wenyewe. Kilicho kigumu ni kuupeleka mbele.

Zungushia bandeji kwenye kigasha, juu kidogo ya kifundo cha mkono, mizunguko minne au mitano, iwe pana ili kamba isikate ngozi. Funga kamba kwenye bandeji, mwisho wa pili kwenye ndoano ya mizani. Msaidizi akae ng'ambo ya meza, upande wa nukta inayolengwa.

Hatua ya 3: Kupata namba ya kwanza

Mwambie mgonjwa asukume kwa nguvu zake zote kuelekea nukta ya mbele. Anaposimama njiani, vuta polepole kupitia mizani, yeye akiendelea kusukuma, hadi afike. Soma namba. Rudia mara tatu, chukua ya katikati. Kwa mama wa Hombolo ilikuwa gramu 1,200. Hiyo ndiyo posho ya kwanza: msaidizi anaruhusiwa kuvuta hadi hapo, asizidishe.

Namba ikizidi gramu 1,500, usianze. Ama meza inakwaruza, ama misuli imekakamaa na inavuta kinyume. Nyoosha kiwiko na vidole taratibu kwa dakika kadhaa, pima tena. Ikikataa, rudi kliniki.

Hatua ya 4: Safari moja, kwa ukaribu

Hapa ndipo msaidizi anapogeuka kuwa roboti, na panahitaji subira kuliko nguvu.

Sema, "Mama, twende mbele." Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi tatu. Kamba iwe imelegea kabisa. Mkono utatetemeka, kitambaa kitakunja kona yake, uso wa mgonjwa utabadilika. Vumilia. Sekunde hizo tatu ndizo ubongo unapotafuta njia, na ukivuta kabla yake umemnyang'anya zoezi.

Kitambaa kikianza kwenda, usivute. Kikisimama, ndipo ukaze kamba polepole hadi posho, ushikilie hapo huku ukimhimiza aendelee kusukuma. Akifika, vizuri. Asipofika, usimalizie. Pima kwa rula ni sentimita ngapi zimebaki, andika, mwache arudi mwenyewe kwenye nukta ya kuanzia. Asubiri pumzi moja, kisha safari nyingine.

Binti yule alivuta mapema kila mara siku ya kwanza. Nilimwomba aweke mkono wake wa bure juu ya goti na kuligonga mara tatu kabla ya kukaza kamba. Baada ya safari kama ishirini mama yake alifika nukta kwa posho pungufu ya ile aliyopewa, kabla kamba haijakazwa hadi mwisho, na binti akanitazama bila kusema kitu.

Hatua ya 5: Hesabu inayosahau

Fanya safari 10, tafuta wastani wa sentimita zilizobaki, kisha kokotoa posho ya mzunguko unaofuata hivi: posho iliyopita zidisha kwa 0.9, jumlisha gramu 50 kwa kila sentimita ya wastani huo. Kikokotoo cha simu ya kitochi kinatosha. Namba hizi mbili nimezichagua mimi kwa ajili ya meza na kamba. Umbo la hesabu ndilo la roboti.

Siku ya kwanza ya mama ilikwenda hivi. Mzunguko wa kwanza, gramu 1,200, wastani wa upungufu sentimita 3: 1,080 jumlisha 150, ikawa 1,230. Mzunguko wa pili upungufu sentimita 1, ikashuka 1,160 (nakadiria hadi kumi iliyo karibu). Wa tatu sentimita 1 tena, 1,090. Wa nne alikuwa amechoka, upungufu sentimita 2, na posho ikashuka kidogo tu, 1,080.

Angalia uzuri wake. Ukiwa kwenye gramu 1,000, kusahau kunaondoa 100. Ili posho ibaki palepale, lazima mkono upungukiwe sentimita 2 kwa wastani. Maana yake msaada hauwezi kukaa juu bila mkono kukosea, na ukiwa unakosea kidogo, unajifunza. Familia nyingi hupenda kuona nukta ikiguswa kila mara. Nawaomba wasilitafute hilo. Mgonjwa anayefika kila safari amepewa posho kubwa mno.

Kinyume chake pia ni hatari. Asipofika hata mara moja katika safari 10 na ameanza kukata tamaa, isogeze nukta hadi sentimita 10. Kufaulu kunalisha moyo, na moyo ndio unaomrudisha mezani kesho.

Hatua ya 6: Idadi na mapumziko

Anza na mizunguko 4 asubuhi, yaani safari 40. Wiki ya pili ongeza jioni. Lengo langu kwa anayevumilia ni safari 200 kwa siku, zikiwa zimegawanywa, siku 5 au 6 za wiki. Kila mzunguko ufuatwe na dakika 2 za kupumzika, mkono ukiwa mezani, si ukining'inia. Uchovu wa kawaida unaisha ndani ya saa moja. Maumivu ya bega yanayodumu hadi kesho yake ni ishara ya kupunguza nusu na kumwona mtaalamu.

Hatua ya 7: Kazi halisi, palepale

Kabla bandeji haijafunguliwa, dakika 15 ziwe za kitu chenye maana kwake. Hapa ndipo jaribio la Uingereza linapotufundisha, na hapa sikubali njia ya mkato. Kwa mama mkulima wa zabibu, tulianza na kusukuma bakuli kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukichambua mboga. Kisha kushikilia kichana cha zabibu kisiteleze wakati mkono mzima unakata kikonyo kwa mkasi. Kwa mzee mmoja wa Nkuhungu ilikuwa kushikilia sahani ya ugali isizunguke anapokata tonge, na baadaye kufunga vifungo vya shati la Ijumaa. Muulize mgonjwa, usimchagulie. Mkono unaweza kuwa msaidizi mzuri kabla haujawa na vidole vyepesi.

Ukipewa mashine ya kweli

Hospitali na vyuo wakati mwingine huletewa vifaa kama msaada. Wewe mtaalamu unayeombwa kuupokea, uliza haya kabla ya picha kupigwa. Mashine inaonyesha imesaidia kiasi gani, au inaonyesha alama tu? Namba ya msaada ikikosekana hutajua kama mgonjwa anadoea. Inapunguza msaada yenyewe, na kasi ya kupunguza inaweza kubadilishwa na mtaalamu? Ikizimwa, mkono wake unasukumika kwa urahisi, au unakakamaa na kumbana mgonjwa? Kitufe cha kuzima kwa dharura kinafikiwa na mkono mzima wa mgonjwa mwenyewe? Jaribu mwenyewe: kaa, legeza mkono wako kabisa kwa dakika 5, uone kama mashine itagundua.

Halafu mambo ya kwetu. Umeme ukikatika katikati ya safari, mkono unaachwaje? Omba betri ya akiba na stabilaiza viwe sehemu ya msaada wenyewe. Vumbi la Dodoma, hasa miezi ya upepo wa kiangazi, linaingia kwenye mota na vihisio. Chumba kiwe na madirisha yanayofungika na kifuniko cha kitambaa kila jioni. Na awepo fundi wa vifaa tiba aliyefundishwa kuifungua, mwenye programu na nywila mkononi.

Kamba inapofunguliwa

Posho ikishuka chini ya gramu 200 kwa siku tatu mfululizo, fungua kamba. Zoezi halijaisha. Sogeza nukta hadi sentimita 20, kisha 25, akiwa bado amefungwa khanga ya kifua. Baadaye ondoa kitambaa, uweke kopo tupu la maziwa pale nukta ilipo, alifikie kwa kuinua mkono kutoka mezani. Kopo likizoeleka, tia mchanga robo. Kila unapoongeza ugumu, rudisha kanuni ya sekunde tatu.

Kila baada ya wiki mbili funga tena kamba upime namba ya kwanza upya kwenye nukta ya sentimita 14, siku na saa ileile ya mazoezi. Iandike kwenye daftari na presha ya siku hiyo, ulegevu wa bega, na kazi halisi aliyoifanya. Daftari hilo libebe ukienda kliniki. Dakika kumi za daktari au mtaalamu hazitoshi kumpima mtu aliyetoka Kondoa au Mpwapwa kwa basi, amechoka, mkono umevimba kwa kuning'inia njia nzima. Lakini kurasa sita zenye namba zinazoshuka kutoka 1,200 atazisoma kwa dakika moja na kujua aongeze nini.